Dawa Uliyoleta Ilikuwa Nzima

Bagamoyo, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Hemedi,

Hukuniua. Naanza na neno hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitapata nafasi ya kuzungukazunguka, na kwa kuzunguka mimi sina mpinzani. Dawa uliyoniletea kutoka Dar es Salaam haikuharibika kwa joto. Kilichoiamsha tena saratani yangu nilikiingiza mwilini mwenyewe, kwa mkono wangu, kisha nikakuficha, nikakuacha uamini kwamba sababu ni barafu yako iliyoyeyuka Kerege.

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliiitikia, ila sikuweza kukutazama. Ulidhani ni maumivu ya mgongo. Mgongo unauma kweli, lakini haukuwa mgongo.

Mambo ya safari ameshakueleza Bi Saumu: pasipoti ikae wapi, nguo zipi za baridi ya ndani ya ndege, nani atakupokea Maskati. Sitayagusa. Uwezo wangu wa kushika kalamu unaishia alasiri. Nimemwambia Bi Saumu akupe barua hii leo hii, kabla hujafunga begi. Sikutaka uisome angani, mahali ambapo huwezi kurudi ukanisimamia mlangoni na kunieleza unachonifikiria. Nipo chumbani. Mlango sitaufunga.

Kila anayekuuliza unamwambia unakwenda kutafuta maisha. Lakini juzi nilikusikia jikoni ukimwambia Bi Saumu, "Mama, nilichokiharibu mimi, lazima nikitengeneze mimi. Nikipata cha kumpeleka India nampeleka." Umeuza mashine ya randa. Karakana umeifunga, milango miwili ya watu umeiacha haijachongwa maua. Mwajuma umemwambia asubiri, na binti yule hakukuuliza asubiri mpaka lini kwa sababu alikuona usoni. Yote hayo kwa kosa ambalo hukulifanya. Ukienda, nenda ukijua. Usipokwenda, ujue vilevile.

Ugonjwa wangu unaujua kwa jina, saratani ya tezi dume, lakini nadhani hukuwahi kuelezwa vizuri unavyopigwa vita, kwa sababu mwenye kukueleza nilikuwa mimi, nami nilikueleza nusu. Saratani hii hula homoni ya kiume, testosteroni. Ikinyimwa, husinyaa. Kwa hiyo hospitali hunichoma sindano ya kuizuia. Sindano hiyo haigusi korodani. Inakwenda juu, kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, ambacho kazi yake ni kutoa amri. Amri hiyo nayo ni homoni, huitwa LH, na husafiri katika damu mpaka korodani kuziambia zifanye kazi. Sindano humnyamazisha mwenye kuamrisha. Asipoamrisha, wafanyakazi wanakaa. Ukichukua damu ya mtu aliyechomwa dawa nzima utaona LH iko chini na testosteroni iko chini. Kumbuka hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyonifichua.

Nimefundisha somo hilo miaka yangu yote ya ualimu. Tulikuwa tukifika hapo wavulana wanaanza kukanyagana miguu chini ya madawati. Mwaka mmoja, binti aliyekaa mbele, Zuhura, alisimama akaniuliza bila haya, "Mwalimu, kwa hiyo mwanamume akiikosa hiyo homoni anakuwa mwanamke?" Darasa likapasuka kwa kicheko. Nikamjibu, "Anakuwa mwanamume aliyekosa homoni. Kaa chini." Lilikuwa jibu sahihi. Nililiamini kwa ajili ya watu wengine.

Zuhura huyo ndiye Dokta Zuhura unayemjua, na ndiye aliyenipokea hospitali. Baada ya sindano za mwanzo alinipima damu asubuhi, maana homoni hii hupimwa asubuhi, kisha akaja na uso wa furaha. "Hongera Mwalimu! Testosteroni imeshuka kabisa, karibu hakuna." Mimi niliyewahi kuwagawia watoto wa watu sifuri nyingi, hiyo ilikuwa sifuri yangu ya kwanza, nami nikapongezwa. Wewe ulikuwa pembeni ukasema alhamdulillahi. Mimi pia nikasema, mdomoni.

Hukuona yaliyofuata, kwa sababu nilihakikisha hukuyaona. Joto lilinipanda usoni katikati ya rakaa, jasho likanitiririka mpaka kwenye mkeka. Kifua kilivimba kikawa kinauma nikikigusa. Ndevu zikawa chache. Nililia nikisikiliza taarifa ya vifo redioni, vifo vya watu nisiowajua. Na Bi Saumu, niliyemuoa baada ya mama yako kutangulia, mwanamke ambaye bado ana umri wa kucheka ovyo, nilianza kumgeuzia mgongo kabla taa haijazimwa.

Alivumilia. Kisha siku moja, akianua nguo uani, akaniuliza bila kunitazama, "Mwalimu, kama umenichoka niambie. Kwetu Fukayosi nyumba bado ipo."

"Ni uchovu tu," nikasema.

"Uchovu wa kazi gani?"

Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimestaafu, nakaa nasoma magazeti. Angetosheka na sentensi moja: sindano ninayochomwa ndiyo inayofanya hivi. Ni mwanamke wa shamba, ameona madume yakihasiwa, angenielewa mara moja. Ndiyo maana sikumwambia. Niliogopa angenielewa.

Halafu ikaja harusi ya jirani yetu. Ulikuwa umeketi na vijana wenzako, hukusikia. Mzee Kombo, tuliyekuwa naye tangu chuoni, alinishika shavu mbele ya wazee wote. "Jamani mtazameni Mwalimu! Huyu nyumbani anasingwa! Anapakwa liwa alainike kama mwari!" Watu wakacheka. Akaongeza, "Ndevu umempa nani, mkeo?" Nikacheka nao, nikasema niachieni siri yangu. Kombo hakuwa na ubaya, hajui kitu mpaka leo. Lakini nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo cha mama yako, nikajipapasa taya, nikaamua.

Mtu mwingine angekwenda kwa wauza mizizi. Wapo wengi barabarani, na unga wao ungemharibu tumbo tu, asife. Mimi nilikuwa msomi. Nililijua jina la kitu chenyewe. Nilikwenda Tegeta, nikaingia kwenye jimu moja, nikamuuliza kijana mwenye kifua kama kabati kama anayo testosteroni ya sindano, wanayojichoma wanyanyua vyuma. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, hii unamchukulia kijana wako?"

"Ndiyo," nikasema. "Mwanangu."

"Basi mwambie asizidishe. Itamtoa chunusi."

Unaona kwamba hata hapo nilikutanguliza wewe.

Nilijichoma pajani, chooni, mlango nimeufunga kwa komeo. Nilikuwa na hoja zangu. Nilijiambia sindano ya hospitali imeshakifunga kiwanda, mimi nikileta kidogo kutoka nje, kidogo kabisa, si sawa na kukifungua. Ningemsikia mwanafunzi akitoa hoja hiyo ningemwondolea alama zote. Nilijua saratani haiulizi chakula kimetoka kiwanda gani.

Na ilikuwa tamu, Hemedi. Siwezi kukudanganya tena, hata hilo nitakwambia. Baada ya wiki chache nilikuwa nashuka mpaka sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu. Sauti ilirudi. Bi Saumu akaanza kuimba tena jikoni. Wewe uliingia siku moja ukanikuta nimepanda ngazi napachika taa, ukasema, "Baba, siku hizi umerudi!" Ulikuwa na furaha mpaka ukanisaidia kushuka kwa kunibeba kama mtoto. Sikujua kama kuna furaha inayouma vile.

Ilikuwa wakati huo, nikiwa tayari najichoma, ndipo zamu ya sindano ya hospitali ilipofika, nawe ukaenda kuichukua Dar. Ilikuwa ya kukaa kwenye baridi. Ukaiweka kwenye deli la barafu, gari likazimika Kerege, ukafika nyumbani jioni na deli lina maji. Muuguzi alinichoma. Ulimwambia barafu imeyeyuka, akasema maji bado yana ubaridi kidogo, huenda haina neno. Usiku huo hukula.

Kipimo kilichofuata kilikuwa kibaya. Tulikuwa wote wawili mbele ya Dokta Zuhura. Alama ya saratani katika damu ilikuwa imepanda, na testosteroni ilikuwa imepanda juu kupita ya kijana. Alikunja uso. Akasema inaonekana sindano haikufanya kazi. Nawe, kabla mtu hajakuuliza, ukasema, "Dokta, dawa ile ikipata joto inaharibika?"

"Inaweza," akasema.

Uliinamisha kichwa. Nilikuona. Ningeweza kusema wakati ule. Midomo ilikuwa yangu na hewa ilikuwepo kifuani. Nilitazama picha ya figo iliyobandikwa ukutani nikayasoma maandishi yake yote.

Dokta Zuhura hakuridhika. Alisema kiwango kile kimempa mashaka, akaagiza damu ichukuliwe tena, safari hii apime na LH. Wewe hukujua maana yake. Mimi nilijua, na nilipokunja mkono wa shati kumpa yule mchukua damu mshipa, nilijua ninakabidhi nini. Kama testosteroni ile ingetokana na dawa iliyoharibika, kile kitezi cha chini ya ubongo kingekuwa kimeamka, kinaamrisha, na LH ingepanda pamoja na testosteroni. Kama dawa ilikuwa nzima, LH ingebaki chini. Na LH ikiwa chini huku testosteroni iko juu, maana yake ni moja tu: hakuna aliyeamrisha, na kitu kimeingia kutoka nje.

Aliniita peke yangu. Alinikaribisha kiti, akaniamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, nikajua nimekwisha.

"Mwalimu, unajichoma nini?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Mwalimu." Akasukuma kalamu pembeni. "LH yako haipo. Na dawa ya Hemedi nimeiulizia, joto la saa chache haliiharibu; haikuharibika hata tone. Sasa hii testosteroni inatoka wapi? Hili somo ulinifundisha wewe. Usinifanye nikufundishe."

Nililia, na safari hii sikuweza kuisingizia homoni. Nilimwambia yote, jimu, choo, paja. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kwani hukuweza kuniambia kwamba hali ile inakushinda? Tungetafuta namna. Zipo namna." Hilo ndilo linaloniuma kuliko maumivu ya mifupa. Zilikuwepo namna, na ufunguo wake ulikuwa kusema naona haya.

Nikamsihi asikwambie. Akasema kukwambia si ruhusa yake, ni siri ya mgonjwa. "Lakini utamwambia wewe, Mwalimu. Yule kijana nilimwona alivyotoka hapa." Nikamwahidi. Na nikamwahidi kichupa cha Tegeta nitakitupa.

Umeishi na jambo hili namna yako. Tangu siku ile ya Kerege hujanunua barafu. Ramadhani iliyopita tulifuturu na juisi ya ukwaju vuguvugu, wageni wakitazamana, wewe ukisema friji imeharibika. Friji haikuwa imeharibika. Deli nililikuta limetupwa nyuma ya choo, umelipasua kwa shoka. Nikaingia ndani nikaomba chai.

Nimejiuliza mara nyingi nikupe nini cha kuondoka nacho, na nimeona sina busara ambayo mwili wangu haujaikanusha. Ninachoweza kukupa ni hali yenyewe ilivyokuwa. Sikuogopa kufa, nakuapia. Niliogopa kuonekana. Kwa maisha yangu yote watu wa hapa walinijia kuuliza, barua ya serikali inasemaje, dawa hii inanywewa vipi, mtoto asome nini. Mtu aliyezoea kuulizwa hapati mahali pa kuuliza. Kumwambia mke wangu kwamba mwili umenikataa, kumwambia mwanafunzi wangu kwamba nashindwa, kulikuwa kama kuvua nguo mnadani. Nikaona afadhali kufa nimevaa. Huenda na wewe umerithi hili kwangu, maana ulipasua deli badala ya kuniuliza. Ukilihisi linakunyemelea kule ugenini, jua lilikotoka. Zaidi ya hapo sina la kukushauri.

Bi Saumu nilimwambia jana, yote, mpaka ile sentensi niliyomnyima uani. Alikunja upindo wa kanga. Nilidhani atanililia au atanitukana. Akauliza, "Hemedi anajua?" Nikasema hapana. Akainuka, akaniletea karatasi hizi na kalamu, akaniwekea mto mgongoni, akatoka. Hajazungumza nami tangu hapo isipokuwa kuniuliza kama nimemaliza.

Sijamaliza. Limebaki moja, na ndilo ninalolikwepa tangu mstari wa kwanza.

Ijumaa ile ulikuja na shangazi yako, Bi Tatu. Mlitoka msikitini, bado una kanzu. Ulikaa chini kwenye mkeka, miguuni pangu, ukashindwa kuanza. Bi Tatu akasema, "Kaka, mtoto ana neno. Msikilize, usimkatize."

Ukasema, "Baba, gari lilizimika kweli. Lakini kabla ya hapo nilisimama mwenyewe, nikala, nikapiga soga. Deli niliacha juani. Sikukwambia hilo. Baba, naomba radhi yako."

Bi Tatu alikuwa analia. "Mwekee mkono, kaka. Usimwache na moyo mzito namna hii."

Nikakuwekea mkono kichwani. Nikasema, "Nimekusamehe, baba. Radhi yangu unayo, duniani na akhera." Ukanibusu mkono, na ulipoinua uso ulikuwa umelowa. Bi Tatu akasema limekwisha sasa, lisizungumzwe tena nyumba hii, na mimi nikaitikia kwamba limekwisha.

Pengine unaposoma hapa bado unanipa nafasi, kama ulivyonipa siku zote. Unajiambia huenda baba siku ile alikuwa hajajua, huenda kweli naye alidhani ni barafu, huenda majibu ya LH yalikuja baadaye. Hemedi, yalikuwa yamekuja. Dokta Zuhura aliniita Jumatano ya wiki hiyohiyo. Nilikusamehe nikijua kwamba huna kosa. Na kichupa nilikuwa sijakitupa. Ijumaa ile asubuhi, kabla hamjafika, nilijifungia chooni nikajichoma tena.